Nilivyozamisha Gari la Shemeji Nikiwa Grogan

Gari lilizama Uingereza. Mimi nilikuwa Nairobi, Grogan, kwa mafundi wa magari wa Kirinyaga Road, nimelala chali chini ya Probox, na bahari iliyo karibu nami iko umbali wa kilomita 500 hivi. Lakini waulize watu wa ukoo wetu ni nani aliyelizamisha, uone kama kuna atakayetaja maji.

Dada yangu ni muuguzi. Alipata kazi Weston-super-Mare, pwani ya magharibi ya Uingereza, akahama na shemeji na watoto wawili. Miezi ya mwanzo walinipigia kwa mambo madogo. Pasi ya Nairobi itafanya kazi huko? Itafanya, plagi zao ni za miguu mitatu kama zetu na umeme ni ule ule. Nikajibu hilo, nikajibu na jingine, na kufikia Agosti nikawa mtaalamu wa Uingereza ambaye pasipoti yake haina hata muhuri mmoja.

Basi Jumapili moja wakaamua kwenda ufuo wa Brean, kusini kidogo mwa Weston, ambako watu huruhusiwa kuegesha gari juu ya mchanga wenyewe. Shemeji akanipigia.

"Shemeji, wewe ulikaa Mtwapa. Hebu niangalizie, maji yanajaa saa ngapi?"

Ni kweli nilikaa Mtwapa. Miezi mitatu, nikitengeneza tuktuk. Bahari nilikuwa naiona Jumapili, tena kwa mbali, kwa sababu mchanga huingia kwenye soksi. Yeye naye mama yake ni wa Lamu, ila amelelewa South C hapa Nairobi, na maji mengi aliyowahi kuyaona ni yale ya mafuriko. Ningesema sijui ningepungukiwa nini? Lakini nilifuta mikono kwa kitambaa, nikafungua programu ya maji kwenye simu, nikatafuta Weston, nikamjibu kwa sauti ya nahodha: "Yanajaa saa nne usiku. Sasa hivi bado yanatoka, yatapwa saa kumi. Egesha hata chini kabisa, watoto wasichoke kutembea."

Simu yangu ilikuwa imenihesabia kwa saa za Nairobi, mimi nikazisoma kama saa za kwao. Kiangazi sisi tuko mbele ya Uingereza kwa saa mbili. Kule maji yalikuwa yanajaa saa mbili usiku, na nilipokuwa nikisema "bado yanatoka" yalikuwa yameshageuka, yako njiani yanakuja.

Mpwa wangu wa miaka saba ndiye peke yake aliyekuwa na akili siku hiyo. Yeye Kiswahili cha saa bado kinamchanganya. Kwake saa nne ni pale akrabu inapogusa 4. Ilipogusa akaanza kulia: "Mjomba alisema saa nne! Twendeni!" Wakamcheka. Dada akanirekodia sauti yake anitumie nicheke pia, nami nikacheka kweli, nikawasikilizisha na mafundi wenzangu. Wangemtii yule mtoto, gari lingerudi nyumbani kavu.

Hesabu niliyopaswa kumpa shemeji nimeijua baadaye, na ni rahisi. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika kidogo, lakini maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Mombasa kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti hufika kama mita 4, kwa hiyo saa ile ya tatu inakupandishia mita moja, unapata hata muda wa kukunja mkeka. Kwenye mlango wa mto Severn, ambako ndiko Weston na Brean ziliko, bamvua hupita mita 12. Saa hiyo hiyo moja inapandisha mita 3. Na ufuo wenyewe ni tambarare, maji yakitoka huenda mbali hata huyaoni, kwa hiyo kila mita ya kimo ikirudi inameza mchanga wa hatua mia na zaidi. Hayaji kwa wimbi. Yanateleza tu, kimya, kama uji uliomwagika mezani.

Saa mbili kasoro ishirini usiku kwetu, kwao saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, simu ikalia. "Shemeji, maji yako kwenye rimu."

Hapo angalau niko kazini kwangu. Nikamwambia toa watoto kwanza. Wameshatoka. Usikanyage mafuta. Ameshakanyaga, magurudumu ya mbele yamezama mpaka ekseli. Ningekuwa na dakika kumi ningemwambia apunguze upepo mpaka PSI 15, achimbe mbele ya matairi, atandike makapeti ya gari. Hizo dakika hazikuwepo. Zima injini, tafuta trekta. Trekta likapatikana, dereva akaomba ile pete ya kuvutia inayokazwa kwenye bampa. Iko wapi? Kwenye buti, chini ya tairi la akiba. Na juu ya tairi la akiba? Sufuria ya pilau. Shemeji akasimama maji magotini, sufuria kichwani, anazungusha pete ambayo uzi wake unakaza kinyume, huku dada akipiga kelele kwamba asiimwage.

Nikampigia Bi Mkubwa, mamake shemeji, South C, nimweleze kabla hajaelezwa na mwingine. Amemaliza kufuturu, kila mwezi hufunga zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Leo mwezi ngapi?"

"Agosti, Mama."

"Nakuuliza mwezi, si kalenda ya benki! Leo kumi na tano. Bamvua! Wewe unapeleka watoto bahari bamvua?" Lamu, akasema, bamvua hujaa saa kumi kumi, hilo kila mtoto analijua. Kila bandari ina saa yake. Ya Weston ni saa moja au mbili, asubuhi na jioni. Hakuhitaji programu yoyote, na Agosti ya Nairobi ina mawingu hivi kwamba hata mwezi wenyewe hakuuona.

Gari lilivutwa maji yakiwa kwenye kapeti. Nikamzuia shemeji asiguse ufunguo, nikamtolesha waya hasi wa betri, akaoshea chini kwa maji yasiyo na chumvi nusu siku. Mafuta ya gia yalitoka safi. Yangefanana na chai ya maziwa, ndiyo maji yameingia, kwaheri. Ila chumvi haina haraka. Wiki ya tatu altaneta ikafa.

Nimempatia nyingine hapa hapa Grogan, safi, na kuna mtu anasafiri Alhamisi. Nikamwandikia kwamba mzigo utatua saa nne.

Akapiga simu papo hapo: "Saa nne ya nani?"