Vitabu vya marehemu vianze na kaye

Hapa Bukavu, mzee msomi akifariki, vitabu vyake hugawanywa kabla matanga hayajaisha. Huyu anabeba kamusi, yule vitabu vya sheria, vinavyobaki vinaozea kwenye karatoni. Kwa maoni yangu, kabla ya kitabu chochote kutoka nyumbani, orodha iwe imeandikwa kwenye kaye, yaani daftari.

Tazama vitabu vya Thomas Jefferson, rais wa 3 wa Marekani. Waingereza walichoma jengo la Bunge mjini Washington mwaka 1814, maktaba ya Bunge ikateketea. Mwaka 1815 Jefferson akaliuzia Bunge vitabu vyake 6,487 kwa dola 23,950. (Alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake, nafasi ya kusoma aliipata kwa jasho lao, na hilo lisemwe kila anaposifiwa.) Tarehe 24 Desemba 1851 moto ulioanzia kwenye bomba la moshi ukala karibu theluthi mbili ya vitabu hivyo. Orodha zikabaki. Kwa orodha hizo, Maktaba ya Bunge imetafuta nakala za matoleo yaleyale na kuziba mapengo mengi.

Alama ya Jefferson ya kutambulisha vitabu vyake nayo ilikuwa ya akili. Wachapaji wa zamani waliweka herufi chini ya kila ukurasa unaoanza fungu jipya la karatasi zilizokunjwa, ili mjalidi, yaani mshona vitabu, asichanganye mafungu. Penye I, iliyosimama pia kwa J, Jefferson aliandika T kabla yake. Penye T, akaongeza I baada yake. Zote zikasomeka TI, yaani TJ, herufi za kwanza za jina lake. Hata ukurasa wa jina ukichanwa, mwenyewe anajulikana.

Kwenye kaye andika namba, mwandishi, jina la kitabu, mji na mwaka wa toleo. Mwaka ndio wengi huuruka, na bila huo, kitabu kikipotea hutajua utafute toleo gani. Namba iandikwe pia ndani ya kitabu kwa penseli, kwa sababu wino hupenya karatasi, na iwe ukurasa uleule katika kila kitabu. Kaye yenyewe ipigwe picha, zitumwe kwa ndugu wanaokaa mtaa mwingine: moto wa Kadutu, hapa Bukavu, tunaujua.

Usifunge vitabu kwenye plastiki. Mvua zikianza, unyevu unanaswa humo na ukungu unaota. Rafu iachane na ukuta kiasi cha kiganja, na isiguse sakafu.

Mkiamua kugawana, gawaneni, ila mbele ya kila namba liandikwe jina la aliyechukua.