Hadubini ya pamoja Tanga: nani alipie saa ambazo hakuna mtu?

Taa ya hadubini ilikufa saa nne asubuhi, mwanafunzi akiwa na slaidi kumi na mbili ambazo hajazipiga picha. Ilikuwa taa ya zebaki, aina inayotakiwa kubadilishwa ikifika saa 200 au 300, na kaunta yake ilikuwa inasoma 412. Sote pale maabara tulijua imepitiliza. Kasma ya taa haikuwepo. Mradi ulionunua hadubini ulikuwa umeshafungwa, na fungu la vifaa vya maabara la mwaka ule lilikuwa limeishia kwenye glavu, methanoli na Giemsa, rangi ya kupaka slaidi za damu. Taa mpya ilifika baada ya wiki kumi na moja. Binti yule aliwasilisha tasnifu yake bila zile picha.

Maabara yenyewe siitaji, maana haikuwa na kosa la peke yake. Kwetu kununua kifaa ni sherehe, ila kukilea hakuna anayetengewa fedha. Kifaa huja kwa bajeti ya maendeleo au kwa mfadhili, lakini umeme, fundi na vipuri hutegemea fungu la matumizi mengineyo, na fungu hilo ndilo la kwanza kukatwa fedha zikipungua.

Ndiyo maana naliunga mkono wazo la taasisi za Tanga kuwa na chumba kimoja cha hadubini za kisasa badala ya kila mradi kununua yake. Watumiaji wapo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina vituo mkoani, kikiwemo cha Amani kule Muheza. Mlingano kuna utafiti wa mkonge na udongo. Mbung'o madume waliotiwa utasa kwa mionzi, walioisaidia Unguja kutangazwa kuwa haina tena mbung'o mwaka 1997, walifugwa hapa hapa Tanga. Anayetafuta vimelea vya malaria, anayepasua mbung'o na anayekagua mzizi wa mkonge wanaweza kukaa kwenye kiti kimoja kwa zamu.

Wazo hilo halina mpinzani. Ubishi huanza kwenye gharama za kila mwaka. Wapo wanaosema kila mtumiaji alipe kwa saa, na chumba kijiendeshe. Wapo wanaosema taasisi zibebe gharama zote, watafiti waingie bure. Kabla ya kumpa yeyote haki, tukae na kikokotoo.

Tuchukue mfano wa hadubini moja ya fluoresensi, ile inayofanya sampuli iliyotiwa rangi maalumu ing'ae chini ya taa kali, ya shilingi milioni 150. Mkataba kamili wa matengenezo kwa vifaa hivi mara nyingi huzunguka asilimia 10 ya bei kwa mwaka, kwa hiyo milioni 15. Msimamizi wa chumba, anayefundisha watumiaji na kulinda kifaa, tumwekee milioni 18 pamoja na makato ya mwajiri. Kiyoyozi kisichozimwa kikila uniti 12 kwa siku, kwa shilingi 350 uniti moja, ni kama milioni 1.5. Betri za UPS, kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika, tukigawa bei yake kwa miaka inayodumu, laki nane. Jumla milioni 35.3, na hapo hakuna aliyegusa kifaa.

Sasa watu waingie, saa 600 kwa mwaka. Wataunguza taa mbili za zebaki, tuseme milioni 1.2 kwa zote. Mafuta ya lenzi, karatasi za kufutia, slaidi na spiriti, milioni 1.5. Jumla kuu inakuwa milioni 38. Bei za mfano huu nimeziweka mimi. Kila taasisi itaweka zake. Ila uwiano wake hautabadilika sana: zaidi ya asilimia 90 ya fedha inatumika hata chumba kikiwa kitupu.

Uwiano huo haukai vizuri na hoja ya kujiendesha kwa ada. Mhasibu akigawanya milioni 38 kwa saa 2,000, yaani saa nane kwa siku 250 za kazi, anapata shilingi 19,000 kwa saa, na kila mtu mezani anaona ni nafuu. Lakini saa 2,000 ni za kwenye karatasi. Kuna siku za mafunzo, siku umeme umekatika, Ramadhani watu wanatoka mapema, na miezi ambayo kila mtu yuko vijijini akikusanya sampuli. Kwa saa 600 zile zile bei inakuwa zaidi ya 63,000. Mwanafunzi wa uzamili anayehitaji saa 40 anadaiwa milioni mbili na nusu. Hatakuja. Wenzake nao hawatakuja, saa zitashuka hadi 400, na bei itapanda hadi karibu 93,000. Hapo tumejenga chumba kinachofukuza wateja wake, na sijaongeza hata shilingi ya uchakavu, ambayo kwa miaka kumi ni milioni 15 nyingine kila mwaka.

Hata hivyo wanaodai ada wana hoja ambazo siwezi kuzipuuza, kwa sababu nimekaa na daftari la zamu. Pale ambapo ni bure, watu huandika jina Jumatatu hadi Ijumaa wasije kutwa mbili. Nimemkuta mtu anatumia hadubini ya fluoresensi, taa ya zebaki ikiwaka pembeni, kuangalia slaidi ya damu ya Giemsa ambayo hadubini ya kawaida ya chumba cha pili ingemtosha kabisa. Hakuwa na nia mbaya; hakuna kilichomkumbusha kwamba taa ile ina umri. Tena bei iliyoandikwa humsaidia mtafiti mwenyewe. Anapoandika maombi ya fedha anaweza kuweka mstari wa saa 80 za hadubini kwa bei inayojulikana, na mfadhili akaulipia bila maswali. Kama huduma ni bure, mstari huo haupo, fedha za mfadhili zinaenda kwenye semina, na chumba kinabaki na njaa.

Kwa hiyo ada iwepo. Ninachokataa ni ada kubebeshwa mzigo wote.

Lipo pia tatizo dogo ambalo wapanga bajeti hawalioni. Taa ya zebaki haipendi kuwashwa na kuzimwa. Ukiiwasha, iache iwake angalau nusu saa; ukiizima, isubiri ipoe kabisa ndipo uiwashe tena. Mtumiaji anayelipa kwa dakika ataizima akienda kunywa chai ili aokoe fedha yake, na kila akifanya hivyo anafupisha maisha ya taa ya wote. Mnapoanza, nunueni taa za LED, ambazo huhesabiwa kwa maelfu ya saa na hazidhuriwi na kuwashwa na kuzimwa. Mwanzoni zina bei, lakini zinaondoa kasma nzima ya taa na kero ya kutupa zebaki. Mkishindwa, basi ada iwe ya nusu siku, watumiaji wapangwe mfululizo, na wa asubuhi amkabidhi wa mchana taa ikiwa inawaka.

Kiyoyozi kinanisumbua zaidi. Katika kila kikao cha kubana matumizi mtu atapendekeza kizimwe Ijumaa jioni mpaka Jumatatu. Kwa ofisi ya kawaida, sawa. Kwa chumba cha lenzi katika mji wa pwani, hapana. Joto na unyevu wa Tanga ndivyo ukungu unavyovitaka. Chomoa lenzi ya mara 100 iliyokaa miezi michache bila ulinzi, iinue kwenye mwanga, uitazame kwa kioo cha kukuzia: utaona nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kuja katikati, kama mizizi ya mche mchanga. Ukungu ukikaa unatoa asidi inayokula utando wa kioo, na hapo kufuta hakusaidii. Lenzi bora ya aina hiyo inaweza kuzidi shilingi milioni 10. Umeme wa mwisho wa wiki kwa mwaka mzima, kwa hesabu yetu ya juu, haufiki laki sita. Na kama umeme wenyewe hauaminiki, lenzi ziwekwe kwenye kabati linalofungwa vizuri lenye silika ya rangi, chembe za kunyonya unyevu, ile ya bluu inayogeuka waridi ikishiba maji. Unaikausha kwenye oveni, inarudi kazini.

Kwenye mkataba wa matengenezo nilibadili mawazo. Zamani niliona milioni 15 kwa mwaka ni anasa. Mara nyingi bei hutajwa kwa dola au yuro, shilingi ikiteleza mkataba unapanda, na mikataba mingi haigusi taa wala lenzi iliyokwaruzwa na mtumiaji. Mwaka usio na hitilafu unajiona umetupa fedha. Lakini hitilafu ya bodi ya umeme au ya kamera ikija bila mkataba, unaanza kuomba idhini, unapitia taratibu za manunuzi, unalipia safari ya mhandisi, na kifaa kimelala mwezi wa nne. Sasa nagawa hivi: hadubini za kawaida zisiwe na mkataba wowote, fundi wa hapa aliyefundishwa vizuri anazimudu. Ya fluoresensi iwe na mkataba mwepesi wa ukaguzi wa mara moja kwa mwaka, na tofauti ya fedha iwekwe akiba ya vipuri isiyoguswa. Yenye leza, kama ya konfokali inayopiga picha za sampuli tabaka kwa tabaka, bila mkataba kamili msiinunue.

Rudi kwenye ile milioni 35.3. Naona taasisi washirika ziigawane kwa hisa, zitie saini kabla kifaa hakijaagizwa, na kila moja iiweke kwenye bajeti yake inayoanza Julai, ije mtu au asije. Mtumiaji wa ndani alipe anachounguza tu, ambacho kwa mfano wetu ni shilingi 4,500 kwa saa. Mwanafunzi wa saa 40 anatoa 180,000. Asiyetokea zamu yake bila taarifa alipe kama aliyetokea. Mradi wenye mfadhili ulipe zaidi kwa bei iliyotangazwa, na kampuni binafsi ilipe gharama yote pamoja na uchakavu. Ziada hizo ziingie kwenye akiba ya vipuri, zisipunguze hisa ya yeyote.

Kinachobaki kigumu ni mshirika asiyelipa. Kumfungia mlango ni kuwaadhibu wanafunzi wake, na kunyamaza ni kuwafundisha wengine kuchelewa. Ningeandika kwenye makubaliano kwamba robo mwaka ikipita bila hisa, watu wake wanapoteza haki ya kushika zamu mapema, wanaingia saa zilizobaki wazi na kwa bei ya mradi, mpaka deni liishe. Na akiba ya miezi sita ya umeme na mshahara wa msimamizi iwepo benki tangu siku ya kwanza, ili wakati wakubwa wanaandikiana barua, kiyoyozi kiendelee kunguruma.