Kiti chenye namba au cha kuwahi? Hoja mbili za mzunguko wa Mkapa

Uwanja wa Benjamin Mkapa ulipoanza kutumika mwaka 2007, Dar es Salaam ilipata uwanja wa kumkalisha kila mtu: mashabiki 60,000, viti 60,000. Hesabu hiyo haijamfikia vizuri mtu wa mzunguko, yaani anayekaa kwenye majukwaa ya kawaida ya bei ya chini. Tiketi anayoinunua kwa simu na kuigusisha getini kwa kadi humruhusu kuingia, lakini haimwambii atakaa wapi, atakaa alipowahi. Ndiyo maana siku ya Simba na Yanga, pambano la jioni kwake huanza asubuhi. Saa 4 yuko kwenye foleni, saa 7 ameshakaa, na mpira unapoanza saa 11 jua limekwisha kumla.

Wanaotaka kila kiti kiuzwe kwa namba wanaanzia hapo, na hoja yao ina uzito kuliko inavyosikika. Bei ya mzunguko ikiwa shilingi 5,000, hiyo siyo gharama yote ya shabiki, kwa maana kuna siku nzima ya kazi iliyopotea, maji na chakula vinavyouzwa ndani kwa bei ya ndani, na kibofu. Mtazame aliyepata kiti kizuri usawa wa katikati: anapotaka kwenda msalani hutandaza skafu juu ya kiti, humwomba jirani amlindie, kisha huondoka akigeuka nyuma kila hatua tatu. Akirudi akute mtu amekaa, ugomvi unaofuata hauna mwamuzi, kwa sababu kwa mujibu wa tiketi zao wote wawili wana haki. Mzee, mjamzito au mama mwenye mtoto hawezi kuingia katika mashindano ya namna hiyo, na akikaa nyumbani au akaenda kwenye kibanda umiza kutazama mpira kwenye runinga, tusiseme haupendi.

Kuna pia suala la usalama. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa katika msongamano wa kuingia uwanjani. Namba ya kiti peke yake isingezuia msiba ule, lakini mtu anayejua kwamba kiti chake kinamsubiri hana sababu ya kusukumana.

Upande wa pili hauongozwi na uzembe wala kupenda vurugu. Mzunguko ndipo ilipo sauti ya uwanja. Tawi la mashabiki linalokodi basi kutoka Morogoro linakuja na ngoma, vuvuzela, kiongozi wa nyimbo na sare, na halina maana likitawanywa. Ukiuza viti kimoja kimoja kwa simu, mpiga ngoma ataangukia upande wa kaskazini na waitikiaji wake upande wa kusini. Kisha kuna bei. Uingereza, baada ya maafa ya msongamano katika uwanja wa Hillsborough ya mwaka 1989 yaliyoua watu 97, ilizilazimisha klabu za madaraja ya juu kuweka viti uwanja mzima. Usalama uliimarika bila shaka, lakini bei zilipanda, watu wa kipato cha chini wakasukumwa nje, na malalamiko kwamba viwanja vimepoa hayakukoma. Mwaka 2022 klabu ziliruhusiwa tena kutenga sehemu zenye vyuma vya kujishikia, ambako mashabiki husimama kihalali. Anayehofia kwamba "maboresho" ni jina jingine la kupandisha kiingilio haoti tu.

Kwa maoni yangu, kosa la mjadala huu ni kuuchukulia mzunguko kama kitu kimoja. Sehemu za ubavuni, wanakokaa familia na watu wanaokuja wawiliwawili, zinafaa kupewa namba hata kesho. Nyuma ya magoli paachwe kwa matawi, bila namba ya kiti, ila kwa idadi inayohesabiwa sehemu kwa sehemu, na tawi liruhusiwe kununua tiketi zake kwa pamoja kwa bei ileile ya chini.

Lakini namba inahitaji mtu wa kuisimamia, na hapa ndipo watetezi wake wanapopita haraka mno. Ukimkuta mtu kwenye kiti chako, nani atamwinua? Askari mwenye kirungu hakuja kuonyesha watu viti, na wala hiyo siyo kazi yake. Wanatakiwa wahudumu waliofunzwa, wanaoijua sehemu yao na wanaolipwa, si vijana waliopewa vizibao asubuhi ileile. Tena viti vyenyewe viwepo: katika vurugu za mchezo wa Simba na CS Sfaxien, Desemba 15, 2024, viti 256 viling'olewa, na mwezi uliofuata, kwa adhabu ya CAF, shirikisho la soka Afrika, Simba ikacheza na CS Constantine mbele ya majukwaa matupu. Shabiki aliyekuwa nyumbani siku ya vurugu aliadhibiwa sawasawa na aliyeng'oa kiti.

Kuna jambo ambalo hakuna namba inayoweza kulitibu. Machi 8, 2025, pambano la Simba na Yanga lililopangwa saa 1:15 usiku liliahirishwa siku hiyohiyo, baada ya Simba kutangaza kwamba haitacheza kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Lilikuja kuchezwa Juni 25. Wapo waliokuwa wameshasafiri, wamelipia nyumba za wageni, wamevaa jezi. AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika ambalo Tanzania ni mmoja wa wenyeji wake, itatuletea wahudumu, namba na mageti yanayofanya kazi, kwa sababu CAF itavidai. Kwa mechi za ligi, anayepaswa kuvidai ni mtu wa mzunguko, na sijaona meza ambako yeye huitwa kukaa.