The 4-Skins na Moto wa Southall

Kila yanapozungumzwa maisha ya The 4-Skins, bendi ya muziki wa panki ya vijana wa vipara (skinheads, vijana walionyoa vichwa) kutoka mashariki mwa London, mashabiki hurudia kwamba magazeti ndiyo yaliyoiharibia jina baada ya usiku wa tarehe 3 Julai 1981, bendi ilipopiga katika baa moja ya Southall, magharibi mwa London, na vijana wa Kiasia wa mtaa huo wakaichoma moto baa hiyo. Hoja hiyo ina uzito wake. Bendi ilikana ubaguzi, haikuwa tawi la chama chochote, na mtindo wenyewe wa vipara ulianza miaka ya 1960 miongoni mwa vijana waliopenda ska na rege za majirani zao Wajamaika. Wala mwanamuziki hamchagui anayekata tiketi.

Hata hivyo, watetezi hao huusimulia usiku ule kana kwamba Southall ni mtaa kama mtaa mwingine wowote. Wakazi wake wengi walikuwa Wapunjabi, zikiwemo familia zilizotoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na nyingine zilizofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, watu waliokwisha kufungasha virago mara moja na wasiokuwa na pa kukimbilia tena. Mwaka 1976 kijana wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, alichomwa kisu akafa mtaani humo. Aprili 1979, chama cha National Front, cha mrengo mkali wa kulia kilichopinga wahamiaji, kilipokutana katika ukumbi wa mji, mwalimu Blair Peach, aliyekuwa miongoni mwa waandamanaji waliokipinga, alipigwa kichwani akafariki. Ripoti ya polisi wenyewe, iliyosema kwamba aliyempiga karibu hakika alikuwa askari, haikutolewa hadharani hadi mwaka 2010, na hakuna aliyeshtakiwa.

Mabasi yaliposhusha vijana wa vipara karibu na baa ya Hambrough Tavern, na vioo vya maduka vikaanza kuvunjwa, mwenye duka angejuaje kwamba waliopanda jukwaani humo ndani hawana siasa? Kuiteketeza baa kwa mabomu ya petroli ni kosa, nami silitetei. Ila hofu iliyowakusanya vijana wa Kiasia barabarani ilikuwa na majina na tarehe.

Nayo bendi ilikuwa na mfano wa kuufuata. Jimmy Pursey wa Sham 69, ambaye mashabiki wake wengi walikuwa vipara waliovutiwa na National Front, alipanda jukwaa la kupinga ubaguzi katika bustani ya Victoria Park Aprili 1978, na mwaka uliofuata vipara wa mrengo huo walilivuruga onyesho lake la London. The 4-Skins, kwa upande wao, miezi miwili tu kabla ya Southall walikuwamo katika albamu ya mkusanyiko, Strength Thru Oi!, ambayo jina lake liliiga kaulimbiu ya Wanazi na jalada lake likambeba Nicky Crane wa British Movement, kundi la Wanazi mamboleo. Hata kama jalada hilo hawakulichagua wao, ndilo lililokuwa madukani watu wa Southall walipoambiwa kwamba bendi inakuja.

Mwimbaji Gary Hodges aliondoka, Hoxton Tom McCourt akabaki na gitaa lake la besi, zikatoka albamu kadhaa, na mwaka 1984 bendi ikavunjika.