Faili la Mac ya zamani usilifungulie huku

Kuna kitu kinanikera kwa sisi wapenzi wa kompyuta za zamani hapa Dar. Mtu akikwama kuhamisha mafaili toka laptopu yake ya Windows kwenda kwenye Macintosh (Mac) ya Apple ya miaka ya 90, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua, mara nunua kidude hiki, mara agiza kile toka nje, mara tafuta waya ule. Mi naona waya wala sio shida. Faili linafika kule likiwa maiti, na lilishakufa huku huku kwenye laptopu kabla hata halijagusa flopi.

Chukua hii Macintosh LC III niliyonayo mezani, toleo la 1993, ilikuwa inapanga kurasa kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji kabla haijaishia kwa fundi Kariakoo. Flopi yake ni ya 1.44MB, kwa hiyo zile draivu za flopi za USB zinaelewana nayo vizuri tu. Zile Mac za kabla yake zenye flopi za 400K na 800K ni habari nyingine kabisa, mota yake inabadilisha mwendo kadiri kichwa kinavyosogea kwenye diski na draivu ya PC haizisomi hata uibembeleze vipi, hapo mtu akisema nunua kidude sibishani naye. Ila huku kwetu hizo ni chache, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta mwaka 1974 na nadhani hiyo ni sababu mojawapo inayofanya nyingi tunazookota ziwe za miaka ya 90. Kwa hili hatuna haja ya kulalamika.

Sasa njoo kwenye faili lenyewe. Kwenye Mac ya zamani faili moja lina vipande viwili, kimoja ni data za kawaida, cha pili kinabeba vitu kama aikoni, menyu, na kwa programu za enzi hizo ule msimbo wenyewe unaoendesha programu. Juu ya hapo kuna herufi nne za kuonyesha hili ni faili la aina gani na nne nyingine za kuonyesha programu iliyolizaa. Windows haijui lolote kati ya haya. Kopi fonti ya Mac ya zamani iweke kwenye flashi yenye FAT, ule mpangilio wa mafaili wa flashi nyingi, uifungue kwenye Windows, utaona jina lipo, tarehe ipo, ukubwa KB 0! Mtu anadhani flashi imeharibika. Wapi, fonti yote ilikuwa kwenye kile kipande cha pili, na FAT haina pa kukiweka.

Ndo maana wenyewe wa zamani walikuwa wanafungasha. Ukiona faili limeishia na .sit au .hqx au .bin ujue ndani yake vile vipande viwili vimeviringishwa pamoja ili vipite salama kwenye mfumo wowote, Windows, Linux, barua pepe, popote. Afu sisi tunafanya nini? Tunalifungua hapa hapa kwenye laptopu "ili tuone kilichomo" afu ndo tunalikopi. Umeshalichinja. Na laptopu za leo zina kiherehere, Safari, kivinjari cha Apple, kwa mfano inaweza kulifungua faili lililofungashwa likimaliza tu kushuka, hujaombwa hujaulizwa. Mac ya kisasa nayo ukikopi kwenye flashi inakitenga kipande cha pili kwenye kifaili cha siri kinachoanza na ._ ambacho System 7, mfumo endeshi wa hizi Mac za zamani, haikijui maana yake, kwake ni takataka tu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huo, liache limefungwa, lifungulie kule kwenye Mac ya zamani kwa StuffIt Expander, programu ya kufungua hivyo vifurushi. Utaniuliza, na hiyo StuffIt Expander inafikaje kule wakati nayo inakuja imefungashwa? Swali zuri, na ndo mahali wengi wanapokata tamaa. Jibu ni Linux. Kuna kifurushi cha programu kinaitwa hfsutils, unafomati flopi kwa hformat, unaifungua kwa hmount, afu unaandika hcopy -m na jina la faili la .bin, lile faili linafunguliwa wakati linaandikwa kwenye flopi ya HFS, yaani mpangilio wa diski wa Mac za zamani, vipande vyote viwili vinakaa mahali pake. Ukiingiza flopi kwenye LC III unaona aikoni yake halisi, sio ile karatasi nyeupe. Mac mpya yenyewe haiifungui flopi hiyo, Apple walishaondoa kabisa uwezo wa kusoma HFS ya 1985 kuanzia toleo la macOS liitwalo Catalina, 2019. Inachekesha kwamba Linux ndo inaielewa Mac kuliko Mac.

Flopi zenyewe zikague kwanza jamani, hili joto na unyevu wa pwani unazijaza ukungu. Sogeza kile kibati, zungusha diski taratibu kwenye mwanga, ukiona madoa meupe weka pembeni, maana flopi moja chafu inachafua kichwa cha draivu na kichwa kinaharibu zinazofuata.

Na wenye kile kidude cha BlueSCSI, nawajua mko hapa. Ni kitu kizuri sana, kadi ya SD inageuka hadidiski, hata mi nikipata nitaweka. Lakini ile picha ya diski (faili moja linalobeba hadidiski nzima) mnayoiweka kwenye kadi bado lazima ijazwe na mtu, na mkiijaza kwa kuburuta mafaili mliyoyafungulia kwenye Windows mtapata zile zile KB 0, safari hii kwa kasi zaidi. Ijazeni ndani ya Basilisk II, maana hiyo ni emuleta, programu inayoiga Mac ya zamani, na inaendesha System 7 yenyewe, afu hamishieni picha nzima kwenye kadi.

Maandishi matupu hayana shida hizi, ila kila mfumo una alama yake isiyoonekana ya kumalizia mstari, Mac ya zamani inatumia CR, Linux kwa LF, Windows kwa vyote viwili. Ukiona barua yako iliyotoka Mac ya zamani yote imekuwa mstari mmoja mrefu kama reli ya TAZARA, amri ya tr '\r' '\n' kwenye Linux inatosha, huhitaji kununua chochote.