Matangi ya mlimani au darubini? Kwenye miale ya gama kuna swali watu wanalipita haraka

Tangu LHAASO, kituo cha China cha kupima miale ya gama (mwanga wenye nishati kubwa kuliko wote) kutoka angani, ianze kutoa matokeo kuna watu wanaongea kama vile darubini za Cherenkov, zile zinazonasa usiku mmweko hafifu ambao gama inausababisha hewani, zimeshapitwa na wakati, na wengine wanajibu kwamba yale madetekta ya mlimani yanaona ukungu tu. Mi naona pande zote zina hoja, ila sio kwa kiwango wanachodai.

Kwanza kwa nini mlimani. Mwale wa gama ukigonga angahewa haufiki chini, unazaa mvua ya elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya), zinaongezeka weee halafu zinaanza kupungua, na ukiwa usawa wa bahari unakuta nyingi zimeishia njiani. Ndo maana HAWC, kituo kingine cha gama, iko Sierra Negra huko Meksiko, mita 4,100, na LHAASO iko Daocheng, mita 4,410. HAWC ni matangi 300, kila moja lina upana wa mita 7.3 na maji masafi karibu lita 200,000, ndani giza totoro, chini kuna vihisi vinne vya mwanga. Chembe ikiingia inakimbia kuliko mwanga unavyokimbia ndani ya maji, inatoa mmweko wa bluu, na wakilinganisha tangi lipi limepigwa kabla ya lingine, tofauti za nanosekunde tu, wanajua mwale umetoka upande gani wa anga.

Na tangi halijali mchana, mawingu wala mbalamwezi. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulitokea mlipuko wa gama GRB 221009A, mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 2, na LHAASO ilikuwa inaangalia upande ule tangu mwanzo ikakusanya fotoni zaidi ya 64,000 ndani ya sekunde 3,000 za kwanza. H.E.S.S. ya Namibia, darubini za Cherenkov nzuri kabisa, ilizuiwa na mwezi mpevu, ikaanza kuangalia zaidi ya siku mbili baadaye na haikukuta kitu. Tukio kama lile halirudiwi, kwa hiyo hapa mi siwezi kuwatetea watu wa darubini.

Ila sasa ngoja. Mwaka 2021 LHAASO walitangaza vyanzo 12 vya gama kali sana, fotoni moja kutoka upande wa kundi-nyota la Cygnus ilifika PeV 1.4, yaani elektrovolti trilioni 1,400, na watu wakaanza kusema tumeshajua miale ya kosmiki, zile chembe za kasi zinazotupiga kutoka angani, inatoka wapi. Hapo ndo nakataa. Miale ya kosmiki mingi ni protoni, zina chaji, zinapindwa na sumaku za galaksi kwa hiyo huwezi kuzifuata nyuma, tunategemea gama kwa sababu inakuja moja kwa moja, lakini gama inaweza kuzaliwa na protoni au na elektroni, na Crab Nebula yenyewe, wingu la mabaki ya nyota iliyolipuka, linalolishwa na pulsa (kiini cha nyota iliyokufa kinachozunguka kwa kasi), imetoa fotoni ya PeV 1.1 ambayo elektroni zinaweza kuieleza. LHAASO ina vihisi 1,188 vya myuoni, chembe ambazo mvua ya protoni inazaa nyingi kuliko ya gama, na kazi yake ni kubwa mno, ila vinakwambia ni nini kimegonga hewa yetu, gama au protoni, havikwambii ile gama ilizaliwa na nini kule ilikotoka. Kujua hilo unahitaji picha kali uone kama gama inafuata mawingu ya gesi au imezunguka pulsa, na ukali huo darubini inao kuliko matangi.

Kwa hiyo nafurahi SWGO, mradi mpya wa matangi wa kusini, imechagua Pampa La Bola, Chile, mita 4,770, na darubini za kusini za CTAO, mradi mpya wa darubini za Cherenkov, nazo ni Chile hukohuko, Paranal. Ningependa waanze na kitovu cha galaksi yetu, kwa kuwa HAWC na LHAASO ziko kaskazini hazikipati vizuri, wakati H.E.S.S. ilishasema mwaka 2016 kwamba pale kuna dalili za protoni kufikia PeV. Matangi yapime kama nishati ya gama inaendelea kupanda bila kukatika, darubini zioneshe inatoka wingu lipi.