Jua kwenye sarafu za Konstantino

Oktoba 312 Konstantino, kaizari wa Kirumi, alimshinda hasimu wake Maxentius kwenye daraja la Milvio, nje kidogo ya Roma, na waandishi wa Kanisa wakasema ameshinda kwa ishara ya Kristo. Lakini chukua sarafu yake ya shaba ya miaka iliyofuata. Utakayemwona ni mungu Jua, yu uchi ila kwa joho lililotupwa begani, taji la miale kichwani, mkono wa kulia juu, wa kushoto umeshika tufe. Amezungukwa na maneno SOLI INVICTO COMITI: kwa Jua lisiloshindwa, mwandani wa kaizari.

Wanaosema kuongoka kwake kuwa Mkristo kulikuwa siasa tupu hapa wana hoja. Sarafu hizi zilipigwa kwa wingi, kuanzia London hadi Roma, mpaka karibu mwaka 318. Hata sheria yake ya 321 ya mapumziko ya Jumapili iliitaja siku tukufu ya Jua. Kristo hamo.

Wanaomtetea hujibu kwamba askari wake wengi bado waliabudu miungu ya zamani, na pesa za mshahara si mahali pa kuwachokoza. Kisha huleta sarafu ya Konstantinopoli ya 327: bendera yenye herufi mbili za kwanza za jina Kristo kwa Kigiriki, na mti wake umemchoma nyoka, ambaye wengi humwona kuwa ni Licinius, hasimu aliyeshindwa 324. Nzuri, ila ni adimu mno. Siwezi kuipa uzito wanaoipa.

Mimi natazama zaidi kilichoondolewa. Jua lilipotoka, Kristo hakuwekwa mahali pake. Yalikuja mashada yenye nadhiri za miaka ya utawala wake, malango ya ngome, na kuanzia 330 askari wawili na bendera zao, picha zisizomuudhi yeyote. Mnafiki angemwacha Jua abaki palepale, kwani jeshi lilimpenda. Kwa hiyo naamini aliongoka kweli, ila hakuthubutu kuwalazimisha askari wake waione imani hiyo kila wanapolipwa.

Alipofariki 337, wanawe walipiga kisarafu kidogo kinachomwonyesha akipaa kwa gari la farasi wanne, na mkono ukimshukia kutoka juu. Mkristo angemkumbuka nabii Eliya, aliyepaa kwa gari la moto. Aliyeabudu miungu angeliona gari la Jua. Wanawe nao walikwepa kuchagua.